Kioo cha abiria mbele kimegoma katikati, fundi anataka nibadili mashine nzima. Nimkubalie?

#1 Mpangaji wa Mbezi (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina Carina Ti yangu ya 1999, sijawahi kuitukana kwa sababu haijawahi kunilaza njiani. Jana jioni tuko kwenye foleni Ubungo, mama watoto akashusha kioo cha upande wake anunue karanga. Kikashuka nusu, akalipa, akapandisha. Kimya. Nikabonyeza kwa swichi yangu ya dereva, kimya vilevile. Akabonyeza tena ya kwake, kikashuka vidole vingine vitatu! Kupanda ndiyo hakitaki. Muuza karanga mwenyewe akatuambia, "Bosi, acheni kukichezea hicho, kitazama chote."

Vioo vingine vitatu vinapanda na kushuka safi kabisa.

Leo nimempitishia fundi wa hapa mtaani. Mlango hajaufungua, kabonyeza swichi mara mbili, katega sikio, kasema mashine (ule mtambo wa ndani ya mlango unaopandisha kioo) imekufa pamoja na mota yake. Laki moja na nusu ya mashine, elfu thelathini ya ufundi.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba gari inalala nje na masika haya hayana ratiba. Usiku wa kuamkia leo niliziba na mfuko wa nailoni na soltepu, asubuhi siti iko kama godoro la mtoto mchanga. Nimpe hiyo laki na themanini au kuna namna?

#2 Siti ya Nyuma (saa 2:52 usiku)

Natega sikio, kioo changu cha nyuma kushoto kina mwaka wa pili hakishuki. Nimeshajizoesha.

#3 Mzee Tasta (saa 3:15 usiku)

Kijana, usimpe mtu hela bado. Nimefanya umeme wa magari tangu enzi za Peugeot 504, na hicho ulichokiandika ndicho fundi wako alitakiwa akiulize kabla ya kutaja bei.

Nijibu haya kwanza. Ukibonyeza swichi yako ya dereva, mota inalia? Hata mlio mdogo wa "tik"? Taa ya ndani inafifia kidogo unapobonyeza? Na ile kufuli ya vioo kwenye mlango wako haijabonyezwa?

#4 Mpangaji wa Mbezi (saa 3:31 usiku)

Shikamoo mzee. Nimetoka nje na tochi sasa hivi.

Kufuli haijabonyezwa. Swichi ya kwangu: kushusha kimya, kupandisha kimya, hakuna tik, taa haififii. Swichi ya abiria: kupandisha kimya. Kushusha sijajaribu tena, naogopa.

#5 Dogo Fyuzi (saa 3:34 usiku)

Fyuzi hiyo. Buku tu, unamaliza kazi.

#6 Mzee Tasta (saa 3:58 usiku)

Marahaba kijana. Umefanya vizuri kutojaribu tena, usikiguse.

Dogo Fyuzi, jina lako zuri ila jibu sivyo. Kwenye Toyota nyingi za umri huo vioo vyote vinne vinakula kwenye fyuzi moja kubwa, mara nyingi ya ampea 30. Ingekatika, vinne vyote vingelala. Vitatu vinacheza.

Sasa sikiliza hesabu ya mota ya kioo. Ina waya mbili tu. Ukiipa chanya huku na hasi kule, inapandisha. Ukizigeuza, inashusha. Swichi ya mlango wa abiria haina hasi yake yenyewe. Inapokea chanya yake, lakini hasi inaikopa kupitia waya mbili zinazotoka kwenye swichi kuu ya dereva. Akipandisha, hasi inarudi kwa waya wa kwanza. Akishusha, inarudi kwa waya wa pili.

Ukikatika waya mmoja kati ya hizo mbili, mambo yanakuwa hivi: dereva anapoteza kupanda na kushuka vyote, kwa sababu yeye anahitaji waya zote mbili kila mara. Abiria anabaki na upande mmoja. Anaweza kushusha tu, au kupandisha tu.

Soma tena uzi wako. Mama watoto alishusha vidole vitatu. Mota iliyokufa haishushi kioo vidole vitatu, na mashine iliyokatika haishushi kwa mwendo ule. Una waya uliokatika, au kidoti cha swichi kuu (pale umeme unapogusana) kimeungua. Mimi naweka hela kwenye waya.

#7 Siti ya Nyuma (saa 4:02 usiku)

Mzee hapo kwenye kukopa hasi umenifungua ubongo. Miaka yote naambiwa "shoti".

#8 Chuma cha Kale (saa 4:20 usiku)

Kwa heshima zote Mzee Tasta, mimi sikubali. Gari ya 1999, mota ina zaidi ya miaka ishirini na tano. Leo utaunga waya, kesho kaboni za mota (vile vipande vinavyoipitishia umeme) zinaisha, unafungua mlango mara ya pili, klipu zinavunjika zote. Badili mashine nzima mara moja ulale. Mafundi wa mtaani siyo wote wajinga.

#9 Mzee Tasta (saa 4:41 usiku)

Mota ya kaboni zilizoisha ina tabia yake: inagoma pande zote mbili, halafu ukiupiga mlango ngumi mahali ilipo huku umebonyeza, inaamka. Hii haigomi pande zote. Na akinunua ya mtumba, ni ya gari ipi? Ya gari ya mwaka huohuo! Kaboni zake na zenyewe zina miaka hiyohiyo.

Mpangaji, kesho mchana fanya jaribio moja. Fungua mlango wa abiria. Kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama mkonga wa tembo. Nyaya zote za mlango zinapita humo. Mtu mmoja abonyeze kupandisha kwa swichi yako, mwingine afungue na kufunga mlango taratibu huku anautingisha ule mkonga. Lete majibu.

#10 Mwana wa Ruiru (Jumatatu, saa 1:10 asubuhi)

Majirani, salamu kutoka Kenya. Hiyo ya kugonga mlango ngumi inafanya kazi kweli, nilizunguka nayo Nairobi miezi minne. Abiria akiingia namwambia, "Ukitaka hewa, piga hapo." Siku moja nilimbeba pasta, akapiga mara tatu, akaniuliza kama na injini inaendeshwa hivyo.

#11 Mpangaji wa Mbezi (Jumatatu, saa 12:25 jioni)

Mzee Tasta, wewe ni mganga!

Mlango ukiwa wazi kama robo, kijana wangu amebonyeza, mimi natingisha mkonga. Kikapanda vidole viwili! Nikausogeza mlango, kikafa. Nikaurudisha palepale, kikashtuka tena kidogo, kisha basi. Nimejaribu nusu saa sijapata ile pembe tena, lakini nimeona kwa macho yangu.

#12 Mzee Tasta (Jumatatu, saa 1:30 usiku)

Basi kesi imekwisha. Mlango wa abiria unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Kila ukifunguka nyaya zinajikunja palepale, miaka na miaka. Shaba inakatika ndani, ganda la nje linabaki zima, kwa hiyo ukiangalia kwa macho huoni kitu. Uvute waya mmoja mmoja polepole. Uliokatika unarefuka kama mpira wa manati, kwa sababu ni ganda tupu.

Atakayeunga asisokote na kuzungushia utepe. Alehemu, avishe mpira wa kusinyaa kwa moto, na aunge kipande kirefu ili maungio yakae ndani ya mlango au ndani ya bodi. Maungio yakibaki kwenye mkunjo, waya utakatika pembeni yake kabla ya Idi. Ni kazi ya saa moja na nusu.

#13 Bibi Golf (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Wanaume mnaongelea waya, ngoja niwape yangu. Nina Volkswagen Golf ya nne. Siku moja nafunga mlango kazini, nikasikia "puh", kioo kikatumbukia chote ndani ya mlango kama mkate kwenye chai. Mota ikawa inalia vizuri kabisa, ngrrr, kioo hakina habari.

Zile hazina mikono ya chuma kama Toyota za zamani, kioo kinavutwa na kamba ya waya na kushikwa na vibanio viwili vya plastiki. Plastiki ikizeeka inapasuka. Ugonjwa huo unajulikana dunia nzima kwa gari hizo. Na mimi niliambiwa ninunue mashine nzima, nikapata vibanio vya chuma peke yake, kamba yangu ilikuwa nzima. Kwa hiyo mdogo wangu sikiliza mlio: mota ikilia na kioo hakiendi, hapo ndiyo uongee habari za mashine.

#14 Mpangaji wa Mbezi (Jumanne, saa 10:50 jioni)

Wakuu nimeharibu. Msinicheke.

Nilitaka nisubiri mafundi ulionielekeza PM mzee, lakini asubuhi mawingu yalikuwa meusi mpaka Kibamba. Nikapita gereji moja barabarani, nikamweleza kijana, nikamwonyesha na huu uzi. Akasema waya ataunga jioni, kwanza akipandishe kwa mkono ili mvua isiingie. Nikasema sawa.

Akakishika kwa viganja, akavuta. Hakiendi. Akaita mwenzake, wakavuta wawili. Hakiendi. Akachukua bisibisi bapa, akaingiza pembeni kati ya kioo na fremu ili akisukume juu.

PAA! Kama tairi la bajaji.

Sekunde moja kuna kioo, sekunde inayofuata hakuna. Punje punje kama sukari guru iliyopondwa, kwenye siti, kwenye mfuko wa shati langu, ndani ya kikombe cha chai ya yule mwenzake. Hakuna aliyekatika ila mkwaruzo mmoja. Kijana amesimama na bisibisi mkononi, anaangalia fremu tupu, ananiambia, "Kilikuwa na ufa hiki, bosi."

Sasa nauliza. Kuna fundi wa madirisha ya aluminiamu jirani yangu anasema atanikatia kioo cha mm 5 kwa elfu ishirini na tano, saa moja tu. Nifanye?

#15 Siti ya Nyuma (saa 10:58 jioni)

"Kilikuwa na ufa hiki, bosi" 😂😂 Pole sana mkuu. Nimecheka halafu nikaangalia kioo changu nikaacha.

#16 Mzee Tasta (saa 11:40 jioni)

Pole kijana. Kosa ni langu, nilipaswa kukuonya.

Mota ya kioo ina gia ya skrubu ndani. Mota inaweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha mota. Ndiyo maana mwizi hawezi kukishusha kioo chako kwa kukisukuma tu. Na ndiyo maana hata waje vijana sita, hawatakipandisha kwa kuvuta. Njia ni kufungua kava, kufungua bolti mbili zinazoshika kioo, kukipandisha kikiwa huru na kukiziba kwa kipande cha mti.

#17 Vioo na Mapambo (saa 12:15 jioni)

Naingilia hapa kwa sababu hii ni kazi yangu. Mkuu, usikubali kioo cha dirisha la nyumba. NARUDIA, usikubali.

Kioo chako kilipasuka punje punje kwa sababu ndivyo kilivyotengenezwa. Kioo cha pembeni kinapashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, halafu kinapulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi ya nje inapoa na kujifunga kwanza, ndani inapoa baadaye na kuvuta. Kioo kizima kinabaki kimejikaza hivyo maisha yake yote. Kwenye uso kinavumilia sana, lakini ukingoni ndipo roho yake ilipo. Bisibisi ya yule kijana ilienda palepale. Kikishapata jeraha pale, chote kinajiachia kwa wakati mmoja na kuwa punje zisizo na makali.

Cha jirani yako hakijapita moto huo. Siku ukigongwa kitatoka vipande virefu kama mapanga, na mama watoto ndiye amekaa hapo. Na tena kioo cha gari kimejipinda. Cha nyumba kimenyooka, hakitapita kwenye mpira, kitaminya mota mpaka iungue kweli.

Na mtu asikwambie atakupunguzia kioo cha gari nyingine kwa almasi. Kilichopita moto hakikatwi. Ukikigusa kinaondoka chote kama ulivyoona.

#18 Mpangaji wa Mbezi (saa 12:31 jioni)

Asante sana. Jirani nimemwambia nitamtafuta nikijenga.

Kwa hiyo natafuta wapi, na naangalia nini?

#19 Chuma cha Kale (saa 1:20 usiku)

Gerezani, halafu Ilala. Nenda asubuhi, usivae vizuri.

#20 Vioo na Mapambo (saa 1:55 usiku)

Akifika asiseme "nataka kioo cha Carina". Kuna Carina za kila aina. Aseme Ti, kushoto, mbele, na abebe vipimo. Kabla hajaenda afungue kava la mlango. Chini kule kuna reli iliyokuwa inashika kioo, apime umbali wa bolti mbili kutoka katikati hadi katikati. Ikiwezekana kioo kije na reli yake ikiwa imeshikamana, inaokoa nusu siku.

Kwenye kona ya kioo kuna mhuri mdogo. Kioo cha pembeni kitaandikwa TEMPERED au TOUGHENED, au alama AS2. Ukiona LAMINATED au AS1 hiyo ni lugha ya kioo cha mbele. Linganisha mhuri na wa mlango wa dereva, jina la mtengenezaji likifanana ujue vilitoka kiwanda kimoja. Kuna watu wanachanganya ile herufi E kwenye duara. Namba iliyo ndani ya duara ni nchi iliyoidhinisha, E1 ni Ujerumani, E43 ni Japani. Halafu kuna 43R pembeni, hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari, haina uhusiano na Japani. Wauzaji wenyewe wanazivuruga hizo mbili.

Pitisha ukucha ukingo mzima. Ukikwaruza mahali, hata padogo kama punje ya mchele, kiache.

#21 Mwana wa Ruiru (saa 2:30 usiku)

Na angalia namba iliyochongwa. Huku kwetu watu wengi huchonga namba ya gari kwenye vioo vyote ili visiibwe. Nilienda Grogan, Kirinyaga Road, nikaonyeshwa kioo kizuri sana cha mlango, ni kipya karibu, bei imeshuka ajabu. Kwenye kona pamesuguliwa na msasa. Nikamuuliza jamaa, hapa palikuwa na nini? Akaniambia "ni vumbi". Nikatembea. Ukikutwa nacho, kesi ya kushika mali ya wizi ni yako, na aliyekuuzia siku hiyo atakuwa ameenda mazishi ushago.

Omba risiti hata kama ni ya kuandikwa kwa mkono.

#22 Mpwa wa Unguja (saa 3:12 usiku)

Ndugu yangu, mpaka ukipate hicho kioo usizibe kwa soltepu juu ya rangi, jua likiipiga inaondoka na rangi. Funga nailoni nene ndani ya mlango, ukingo wake uubane kwa mlango wenyewe ukiufunga. Na hizo punje zifyonze kwa mashine ya vumbi sasa, hasa ndani ya ule mpira wa manyoya ambamo kioo kinapita. Ikibaki moja itakichora kioo kipya mstari kutoka juu hadi chini, skwambii. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji, vizibue. Kwetu huku na hii chumvi ya bahari, tundu likiziba mwaka mmoja tu mlango unaliwa kutoka ndani.

#23 Mpangaji wa Mbezi (Jumapili, saa 11:20 jioni)

Wakuu, narudi na mrejesho. Ni mrefu, mnisamehe.

Alhamisi nilienda Gerezani. Duka la kwanza walinipa cha kulia wakaniambia "geuza tu". La pili kilikuwa cha nyuma. La tatu mzee mmoja hakuniuliza chochote, alichukua karatasi yangu ya vipimo, akaingia ndani, akatoka na viwili. Kimoja kina mkwaruzo ukingoni, nimeupata kwa ukucha kama Vioo na Mapambo alivyosema. Kingine safi, mhuri uleule wa mlango wa dereva, kimekuja na reli yake. Alianza 80,000, tukaishia 55,000 na risiti.

Jana Mzee Tasta alinielekeza kwa mwanafunzi wake wa zamani, nikakaa naye mwanzo mwisho.

Kava la mlango lina skrubu mbili, moja imefichwa nyuma ya kishikio chini ya kifuniko kidogo. Kisha klipu pembeni. Alizing'oa na kipande cha plastiki, siyo bisibisi, nikasikia moyo umetulia. Klipu moja tu ilivunjika, alikuwa na za akiba kwenye kopo la maziwa.

Nyuma ya kava kulitakiwa kuwe na nailoni. Yangu haipo! Kuna gundi nyeusi kavu imezunguka na vipande kama vya mfuko wa rambo. Akaniuliza, "Mlango huu ulishawahi kufunguliwa?" Nikakumbuka 2019 nilibadili spika. Fundi wa spika aliichana akaitupa. Fundi akanieleza kwamba maji ya mvua kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanateremka na kioo na kutokea chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije ndani ya gari. Kumbe zulia langu la abiria linanuka miaka yote siyo kwa sababu ya mtoto kumwaga maziwa, na mtoto nilimchapa.

Ndani ya mkonga aliuvuta waya mmoja mmoja. Wa tatu, wa kijani, ukarefuka mkononi kama alivyosema mzee. Akauchuna, shaba ikatoka vipande viwili, ncha zake zimekuwa nyeusi. Wa pembeni yake ulikuwa umebakiza nyuzi mbili tu, akaubadili na huo. Akalehemu mbali na mkunjo.

Kisha kabla ya kuweka kioo akawasha. Mota ikalia, mikono ya chuma ikapanda ikashuka, mitupu, kama mtu anayenyoosha viungo asubuhi. Mashine "iliyokufa" hiyo.

Nikamwambia basi tuitoe mota tuisafishe kabisa. Alinishika mkono. Kwenye mashine za mikono kuna springi kubwa inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Ukitoa mota kioo kikiwa hakipo, hakuna kinachozuia ile springi, mkono wa chuma unaruka wenyewe. Alinionyesha kidole chake cha shahada, kinakosa ncha. Tukapaka grisi tukaachana nayo.

Kioo kinaingia kwa juu, unakilaza kwanza mbele, halafu unakinyanyua nyuma. Bolti mbili namba 10 hakuzikaza mara moja. Alizishika kwa vidole, akapandisha kioo mpaka juu kabisa kikajikalisha chenyewe kwenye mpira, ndipo akakaza. Alisema wengi wanakaza kikiwa chini, halafu kinapanda upande na mwenye gari analaumu mota. Mipira akaipulizia silikoni, siyo oili, eti oili inashika vumbi na kuulainisha mpira mpaka unavimba.

Chini ya mlango tulifyonza punje kama kilo nzima. Pamoja nazo kulikuwa na sarafu ya yen 100, kalamu, na kadi ndogo ya Kijapani imefifia. Nimemwachia mtoto sarafu. Nimemwomba na msamaha wa maziwa.

#24 Siti ya Nyuma (saa 11:34 jioni)

Hesabu mkuu. Jumla ngapi?

#25 Mpangaji wa Mbezi (saa 11:50 jioni)

Kioo 55,000. Ufundi 20,000 (alitaka 15, nikaongeza kwa sababu ya kidole). Nailoni nene na gundi yake 6,000. Silikoni 8,000. Jumla 89,000. Bila yule wa bisibisi ingekuwa 34,000. Alinirudishia 10,000 kwa sharti nisimwambie bosi wake.

#26 Bibi Golf (saa 12:05 jioni)

Na umetuambia watu wote humu. Hongera mdogo wangu, mama watoto anasemaje?

#27 Chuma cha Kale (saa 12:40 jioni)

Nakubali kushindwa. Ila mota ikifa mwakani nitaufufua huu uzi.

#28 Mzee Tasta (saa 1:15 usiku)

Ufufue tu, mimi nipo. Ule waya wa kijani umeuhifadhi? Nataka picha yake, nina vijana wawili wapya hapa hawaniamini.

#29 Mpangaji wa Mbezi (Jumatatu, saa 2:20 usiku)

Mzee picha nimekutumia PM. Bibi Golf, mama watoto anasema karanga sasa nitanunua mimi kwa upande wangu.

Jioni ya leo nilisimama dukani, yule fundi wa kwanza akaiona gari. Akaja, akafungua mlango wa abiria, akabonyeza. Kikapanda. Akabonyeza, kikashuka. Akatega sikio vilevile kama siku ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia:

"Unaisikia? Hiyo ndiyo mashine mpya. Walikuuzia bei gani?"